Nilivyopanda Uluguru kwa Nguvu za Salamu

Mtu akinialika kupanda mlima siku hizi, nauliza kwanza: njiani kuna watu? Kama hakuna watu, sijui kama nitafika. Mimi nimefundishwa kupanda na mjomba, na mjomba hupanda kwa salamu.

Kazi yangu ni ya kukaa. Niko kaunta ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo, asubuhi mpaka jioni, na safari yangu ndefu ya siku ni kwenda stoo kuchukua swichi. Presha ilipoanza kupanda, daktari akaniambia nitembee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, na mwendo wa kati, alinieleza, ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nilimwambia mimi hata nikiwa nimekaa siwezi kuimba. Hakucheka.

Mama yangu ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba akikuita Morogoro huna udhuru. Zamani ningesingizia foleni. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria Juni 2024, Dar mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili, na mjomba analijua hilo vizuri. Nikaenda kwenye shughuli ya ukoo, na shughuli ilipokwisha mjomba akaniambia, "Mpwa, kesho twende Morningside ukapate hewa."

"Ni mbali, mjomba?"

"Hapo tu."

Ana miaka zaidi ya sabini. Alfajiri nilimkuta uani amevaa yeboyebo, kofia ya pama, fimbo mkononi, na mfuko wa rambo wenye ndizi mbivu na viazi vitamu vya kuchemsha. Mimi nilikuwa na raba za mtumba zenye soli kama tairi la trekta, na begi lenye kila kitu isipokuwa chakula.

Morningside ni jengo la enzi za Mjerumani lililoko ubavuni mwa mlima, juu ya mji, pale mashamba yanapokaribia kuishia na msitu kuanza. Juu yake zaidi kuna kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano, ile unayoiona ukiwa mjini siku ambayo mawingu yamekuwa na huruma. Mwenye miguu yake hufika Morningside kwa saa mbili au tatu. Sisi tulitumia asubuhi nzima, na huo ndio utamu wenyewe.

Hatukuwa tumeziacha nyumba za mwisho za mji mjomba aliposimama kwa mara ya kwanza. Mzee anakatia mbuzi majani. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, mama watoto anaendeleaje, yule kijana aliyekwenda Dodoma amepiga simu? Mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kuhema, nikashukuru kimyakimya. Tukapanda kidogo. Mama mmoja analima, mjomba: "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Kona inayofuata, mzee mwenye baraghashia: "Asalaam aleikum," na yote yanaanza upya, mpaka ng'ombe anaulizwa hali yake. Mjomba hakumpita mtu hata mmoja. Mwanzoni nilidhani ni ucheshi wa kizee tu. Baadaye nikaona kwamba kila palipokuwa na mwinuko mkali, mjomba alikuwa na mtu wa kumsalimia juu yake.

Na mimi nikaiingia kazi. Ukiuliza salamu fupi unajibiwa kwa ufupi, pumzi haijarudi na inabidi muendelee. Siri ni kuuliza jambo lenye jibu refu. Nilimuuliza mkulima mmoja, "Shikamoo baba, na kabichi mwaka huu bei ikoje?" Loh! Alitupa jembe chini. Akaanza na mbolea, akaenda kwa madalali, akateremka mpaka Soko la Chifu Kingalu na ushuru wake, na alipomaliza moyo wangu ulikuwa unadunda kistaarabu. Nilimshukuru kuliko alivyotegemea.

Wanaoteremka hawasimami. Akina mama wanashuka na matenga ya karoti, kabichi na majani ya saladi kichwani, juu ya ngata, wakiwahi soko. Nilimtazama mmoja kwa karibu kwenye ngazi za udongo zilizolowa umande. Shingo haikugeuka hata kidogo, salamu aliijibu kwa macho. Magoti yamelegea, mguu anauweka kwa ubavu kidogo, kisigino na vidole vinagusa chini pamoja, ndipo uzito unafuata. Mimi hushuka kwa visigino, ndiyo maana magoti hulia. Wakati wa kurudi nilimuiga, na nasema bila aibu kwamba hayo ndiyo mafunzo bora ya mazoezi niliyowahi kupata, tena bure.

Kwenye kijito tulikaa tukala. Mjomba alinionyesha maji kwa fimbo: haya yanaingia Mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo tunaoufungulia bomba Dar. "Tukinawia miguu hapa, mnakunywa nyinyi," akasema, akavua yeboyebo na kunawa taratibu huku ananitazama.

Palipobaki mwinuko wa mwisho hapakuwa na mtu. Nikadhani nimekwisha. Mjomba akasimama mwenyewe, akaonyesha miteremko ng'ambo ya bonde, akaanza habari za mwaka 1955, Waluguru walipokataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya mkoloni. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa miongoni mwa waliotupa majembe. Habari hiyo aliigawa vipande: kipande, hatua kadhaa, kipande, hatua kadhaa. Bibi alipofika kwenye baraza la wazee na sisi tukafika Morningside.

Juu pana ubaridi wa kuvaa sweta, kuta zimeota kuvu, na Morogoro yote, mji kasoro bahari, iko chini ya miguu, na bwawa la Mindu linang'aa pembeni. Kwa wanaotaka kwenda: anzeni mapema, kipindi cha masika njia inateleza vibaya, chukueni mwenyeji, na kuingia msituni kuelekea Bondwa ni kwa kibali. Bebeni pesa ndogondogo za kununua stroberi kwa watoto njiani.

Dar nimehamishia mtindo huohuo. Nakaa Magomeni, na asubuhi nakwenda kazini kwa miguu kwa Barabara ya Morogoro, napita Jangwani mpaka Fire, mwendokasi zikinipita zimejaa mpaka mlangoni. Sikimbii tena. Namsalimia mangi anayefungua duka, mama wa vitumbua, vijana wa bodaboda kwenye kijiwe chao, na nikichoka namuuliza dereva mmojawapo habari za Simba na Yanga, hapo nina mapumziko ya uhakika. Kipimo cha presha kimeshuka kidogo. Daktari amesema dawa nisiache na kutembea nisiache.

Asiyefurahi ni bosi. Mama wa vitumbua ana binti anayeolewa, kamati ya harusi ina mambo mengi, na mimi nimekuwa nafungua duka kwa kuchelewa. Tumekubaliana nitoke nyumbani saa kumi na moja na nusu.