Nehemia Alizunguka Ukuta Kwanza

Somo la juma: Nehemia 2:1–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Hotuba ya Nehemia kwa watu wa Yerusalemu imeandikwa katika mistari miwili tu, wa 17 na wa 18. Kilichotangulia ni kirefu zaidi. Alifika mjini akakaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akakagua kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, mpaka akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakupata pa kupita. Wakuu hawakujua alikokwenda. Aliposimama kusema, akasema habari ya hali "tuliyo nayo". Alikuwa mgeni aliyetoka ikulu ya Uajemi, lakini neno hilo halikuwa la kuwabembeleza watu, maana vifusi vyao alikuwa ameviona kwa macho yake.

Tunaomchagua mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya humpima anapokuwa ameshika kipaza sauti. Tumtazame siku tatu kabla, anapojiandaa kusema.

Chukua msiba hapa Moshi, wakati wa masika. Watu wamesafiri usiku kutoka Dar es Salaam, wamesimama kihambani katikati ya migomba, chini ni tope. Kiongozi amepewa dakika tano za rambirambi. Asiyejiandaa anainama kumuuliza jirani jina la marehemu, anataja vyeo vya waliohudhuria mpaka dakika tatu zinaisha, halafu anasema "sina mengi", na hapo ndipo anapoanza. Aliyejiandaa alimpigia simu ndugu mmoja jana yake. Aliuliza majina kamili na yanavyotamkwa, mjane anaitwaje, watoto ni wangapi, na ni jambo gani familia isingependa litajwe hadharani. Hilo la mwisho husahaulika sana. Ugonjwa ukitangazwa kwenye kipaza sauti, kauli hairudishwi, na wafiwa wanarudi nyumbani na jeraha la pili.

Wako wanaosema Roho atawapa maneno, wakishika Mathayo 10:19. Fungu hilo Yesu aliwaambia watakaokamatwa na kupelekwa mabarazani. Aliyepangiwa zamu ya mahubiri mwezi mmoja kabla hajakamatwa na mtu. Watu hupenda pia kumtaja Martin Luther King, mchungaji Mmarekani aliyetetea haki za watu weusi, kwamba tarehe 28 Agosti 1963 kule Washington aliacha karatasi yake akasema habari za ndoto. Ni kweli aliiacha. Lakini maneno ya ndoto alikuwa ameshayasema Detroit mwezi Juni mwaka huohuo. Roho alichota kisimani, na kisima kilikuwa na maji. "Maandalio ya moyo ni ya mwanadamu, bali jawabu la ulimi hutoka kwa BWANA" (Mithali 16:1). Sehemu zote mbili za mstari huo ni Neno la Mungu.

Kuna maandalizi mengine ya kuogopa. Katika Matendo 12:21 tunaambiwa Herode alivaa mavazi ya kifalme, akaketi katika kiti chake, akatoa hotuba. Hatuambiwi alisema nini. Tunaambiwa alivaa nini na watu walivyomsifu, kisha tunaambiwa aliliwa na chango, akafa.

Kwa mwenye zamu Jumapili: soma sura nzima Jumatatu, usingoje Jumamosi usiku. Andika ujumbe kwa sentensi moja. Ikishindikana, hujaelewa bado, rudi kwenye sura. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ziandike kamili, na katikati weka hoja mbili au tatu kwa herufi kubwa kwenye nusu karatasi. Kurasa zipe namba, maana feni ikizipeperusha hutajua ipi ilitangulia. Usitegemee simu: kioo huzimika, na ujumbe huingia. Kisha simama useme kwa sauti huku saa ikiwa mbele yako. Kusoma kimya hudanganya. Dakika 15 za chumbani zitafika 20 kanisani, kwa sababu ya amina, pambio na kufungua Biblia. Ukizidisha, punguza mifano yako, usikate fungu. Aliyepewa dakika 20 akachukua 40 amewaacha watu wa ibada ya pili wamesimama uwanjani, wakiwemo bibi zetu na akina mama wenye watoto wachanga mgongoni.

Na wewe ambaye magoti yanagongana, Musa alisema yeye ni mzito wa kinywa, na Mungu hakumbishia. Alimwahidi kuwa pamoja na kinywa chake. Soma karatasi yako bila aibu, ila inua macho kila mwisho wa sentensi.

Nehemia alikuwa ameomba tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, karibu miezi minne, naye alijua mpaka barua za kuomba na miti atakayohitaji. Hata hivyo mfalme alipouliza, "aliomba" tena kabla ya kujibu (mstari wa 4), pale pale, bila kufumba macho. Kutoka kwenye benchi hadi mimbarani ni hatua kama kumi. Ombi la namna hiyo linatosha humo.