Nilivyojifunza Kuvua Pamoja na Askari Waliojeruhiwa Vitani

Kabla askari wa kwanza hajashuka kwenye gari, sisi tunaojitolea huwa tumeshamaliza sehemu kubwa ya kazi ya siku. Tumepita gati lote tukitafuta misumari iliyochomoza na mbao zilizoinuka, maana ubao ulioinuka kidogo tu unatosha kumwangusha mtu anayetembea kwa mguu bandia. Tumetandika mikeka ya mpira penye changarawe ili viti vya magurudumu visizame. Viti vya kukalia navyo tumevipanga kila kimoja kikiwa na kitu nyuma yake, ukuta wa kibanda au mti, kwa sababu wengi waliopigana Iraki na Afghanistan hawatulii wakihisi watu wanapita mgongoni mwao.

Mimi ni mvuvi wa kujifurahisha tu. Nimeishi Marekani miaka mingi na sijawahi kuvaa gwanda. Kikundi kidogo cha karibu na ninapoishi kilikuwa kinatafuta watu wanaojua kuvua na walio tayari kutoa Jumamosi zao kwa ajili ya maveterani, yaani askari wa zamani, waliojeruhiwa, nami nikaona hicho ni kitu ninachoweza kukitoa kwa moyo mmoja. Hawakunipokea hivi hivi. Walichunguza kwanza kama nina rekodi ya makosa polisi, kisha wakanikalisha darasani na mtaalamu wa tiba anayefanya kazi na maveterani. Kikundi kinachompeleka mtu moja kwa moja majini bila hatua hizo, mimi nisingekiamini.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya wazi. Usimguse mtu kabla hujasema naye, hasa ukitokea nyuma. Usimuulize aliumiaje, akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe. Usimpige picha hajaridhia. Kiti cha magurudumu kihesabu kama sehemu ya mwili wa mwenyewe, kwa hiyo hukisukumi wala hukiegemei mpaka akuombe. Na mtu akionyesha dalili za kutaka kujidhuru, huondoki karibu naye. Unamwita mtaalamu wa kikundi, na namba ya dharura ya maveterani wa Marekani, 988 kisha unabonyeza 1, unakuwa nayo kichwani muda wote. Niliihifadhi kwenye simu siku ile ile.

Uvuvi kama njia ya kumsaidia askari kupona haukuanza na sisi. Mwaka 2005, Ed Nicholson, kapteni mstaafu wa jeshi la wanamaji aliyekuwa akitibiwa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed jijini Washington, aliwaona pale vijana waliorudi vitani bila mikono au miguu, akaanza kuwafundisha kurusha mshipi kwenye nyasi za hospitali. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Project Healing Waters. Kikundi chetu hakihusiani nao, lakini jambo hilo la kuanzia kwenye nyasi tunalifuata. Mshiriki mpya anarusha kwanza uwanjani, mshipi ukiwa na chubwi tu bila ndoano. Mtu anayerusha kwa mara ya kwanza tangu apoteze mkono anastahili kujaribu na kukosa mahali ambapo hakuna anayemsubiri apate kitu.

Aliyenifundisha kazi hii hasa ni mzee mmoja aliyepigana Vietnam, ndiye kiongozi wetu kwenye gati. Maneno yake kwangu yalikuwa machache: "Kijana, mikono mfukoni." Nilimwelewa vizuri nilipopangiwa kukaa na mtu ninayemwita Sajenti, kwa kuwa ndivyo anavyopenda kuitwa. Bomu la kutegwa barabarani lilimwondolea mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Utotoni alivua sana na baba yake, na tangu arudi hakuwa amegusa fimbo.

Kwa kurusha na kuvuta tulikuwa na vifaa: mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kusimamishia kitako cha fimbo, na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ya kuzungusha kwa mkono mmoja fimbo ikiwa imetulia tumboni. Kufunga ndoano ndiko kulikokuwa kugumu. Tulimwekea kibao cha plywood chenye koleo dogo lililofungwa kwa skrubu, koleo linauma ndoano, tundu likiwa limemwelekea. Akaushika mshipi kwa kidole gumba na cha shahada, akautafuta mlango wa tundu, ukakataa, akaulainisha kwa mate, ukaingia. Akauzungusha mara tano kujizunguka wenyewe. Kuirudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na ndoano ndipo palipomshinda, kwa sababu kila alipouachia mshipi apate kuishika ncha, mizunguko ilifunguka. Akaanza upya. Ikafunguka tena. Ni kazi ninayoimaliza kwa sekunde chache, na mikono yangu ilikuwa inawasha mfukoni. Mzee akaja akasimama kando yangu, hakusema neno. Mwishowe Sajenti akaubana mshipi kwa meno juu ya mizunguko, akaipitisha ncha, akalilowesha fundo na kulivuta mpaka likakaza. Akalitazama kwa karibu, akalivuta tena kwa nguvu, kisha akaniambia, "Haya, lete chambo."

Hapo ndipo nilipokiona kiini cha kazi hii, na ningependa kila anayefikiria kujitolea akishike. Mtu kama Sajenti amekaa miezi mingi hospitalini akioshwa, akivalishwa, akifungwa vifungo vya shati na mkewe. Watu wa kumfanyia mambo hajawakosa. Samaki niliyemfungia mimi ndoano, nikamrushia mimi, nikamvuta mimi na kumkabidhi yeye fimbo dakika ya mwisho, ni samaki wangu, na yeye anajua. Kwa hiyo tunaandaa kila kitu kwa bidii yote, halafu tunajizuia kwa bidii ile ile. Njia iliyonisaidia ni kubadili swali. Ukimuuliza askari "Nikusaidie?", karibu kila mara atasema hapana, hata akiwa anahitaji. Ukimuuliza "Unataka nishike nini?", atakupa kazi: shika taa, shika fimbo kidogo, shika mguu huu nikae vizuri. Yeye ndiye anayegawa majukumu, na kazi hiyo ya kugawa majukumu anaijua kuliko mimi.

Joto ni jambo ninaloliangalia kuliko mengine yote. Ngozi iliyoungua sana na kupandikizwa haitoi jasho kama ngozi nyingine, na mtu aliyekatwa miguu ana ngozi pungufu ya kutolea joto huku akitumia nguvu nyingi zaidi kutembea. Anaweza kuzidiwa wakati wewe uliye mzima unaona hali ya hewa ni nzuri tu. Makovu ya moto nayo hayatakiwi kupigwa na jua. Kwa hiyo tunafunga turubai la kivuli, tunakuwa na taulo zilizolowekwa maji ya barafu, na kila baada ya muda napita na chupa za maji. Siulizi nani ana kiu. Namwekea kila mtu yake mkononi. Hilo ni jambo moja ambalo mikono yangu hutoka mfukoni bila ruhusa, na Mzee analikubali.

Kila mvuvi anajua samaki wanakula vizuri alfajiri. Sisi huanza saa nne asubuhi. Wengi wa wenzetu hawalali vizuri, wengine wanatumia dawa za usiku zinazowaacha wazito asubuhi, na kumwamsha mtu saa kumi ili awahi samaki ni kumwomba alipe kwa wiki nzima. Tunapata samaki wachache kwa sababu hiyo, na sijutii hata kidogo.

Upande wa makelele nimekuwa mkali. Kifuniko cha jiko la kuchomea nyama kinachodondoka kinaweza kumtupa mtu chini, na nimeshamwona mwanamume mwenye mwili mkubwa akijirusha nyuma ya boksi la barafu kwa sababu ya injini ya boti iliyotoa moshi kwa mlipuko. Hakuna aliyecheka. Mwenzake aliyekuwa jirani alishuka naye pale chini, akakaa naye, wakazungumza habari za mpira mpaka pumzi zikarudi. Sisi tulimwacha afanye hivyo, kwa kuwa alifanya vizuri kuliko ambavyo yeyote kati yetu angeweza. Tangu wakati huo kifuniko cha jiko tunakifunga kwa kamba, na mwanzoni mwa Julai, watu wanapolipua fataki kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, hatupangi safari kabisa.

Juu ya gati lenyewe, tazama reli, yaani uzio wa ukingoni wa kujishikia, kabla ya kitu kingine. Reli ya kawaida inamfika usoni mtu aliyeketi. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika kwa walemavu vinataka kwamba gati la kuvulia likiwa na reli, angalau robo yake isizidi inchi 34, yaani kama sentimita 86, ili mtu aweze kuvua akiwa kwenye kiti chake. Tumewahi kufika mahali palipotangazwa kuwa panafaa tukakuta sehemu hiyo ya chini imezibwa na mapipa ya takataka. Tuliyahamisha wenyewe. Sasa mmoja wetu huenda siku moja kabla na futi ya kupimia. Ziwa likiwa na kingo za matope tunawauliza pia wenye miguu bandia kama miguu yao inaruhusiwa kulowa, kwa sababu baadhi ya magoti yenye kompyuta ndani huharibika na maji, na mchanga hauna urafiki na kiungo chochote kinachokunja.

Samaki tunaowapata sana ni kambare. Ana miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya kichwa, inayochoma vibaya akipapatika. Kwa mtu ambaye vidole vyake havina hisia baada ya mishipa ya fahamu kuharibika, hilo si jambo dogo, maana anaweza kuchomwa na asijue mpaka aone damu. Tunatumia wavu wa mpira na glavu, na vimeno vya ndoano zote tunavibonyeza kwa koleo vilale, ili ndoano itoke kirahisi kwenye mdomo wa samaki au kwenye mkono wa mtu. Ndiyo, samaki wengine wanaponyoka kwa sababu hiyo. Waponyoke.

Jambo ambalo ningetaka vikundi vingine vilifikirie zaidi ni wake, waume na wazazi wanaowaleta. Mwanzoni tuliwapa fimbo na wao, tukidhani ndiyo ukarimu. Walizipokea kwa adabu. Mama mmoja ndiye aliyetueleza ukweli tulipomuuliza: anachohitaji ni saa tatu ambazo mtu mwingine anaangalia kama mwanawe amekunywa dawa na maji. Sasa tunawatengea kivuli chao mbali na gati, kahawa, viti vya kulalia, na mtu wetu mmoja ambaye kazi yake ni kuwahakikishia kwamba hawahitajiki kwa sasa. Wapo wanaolala usingizi mzito garini kuanzia tunapofika mpaka tunapofungasha. Mimi nahesabu hilo kuwa mafanikio sawa na samaki yeyote.

Msimu ukiisha tunakutana kwenye gereji ya mmoja wetu kuosha rili, kubadili mishipi na kutengeneza vifaa vipya. Anayetaka kujiunga na kazi kama hii ningemshauri aanzie hapo, akae mezani na maveterani wenyewe kabla hajakutana nao majini. Sajenti sasa ndiye anayewafundisha wapya wenye mkono mmoja fundo lile la meno. Ametuagiza tutengeneze kibao cha aina ya pili, koleo likiwa limegeuzwa, kwa sababu mshiriki anayekuja mwezi ujao amebakiwa na mkono wa kushoto.