Mnaotafuta akina Birtwistle, anzeni Lancashire

Jina la ukoo Birtwistle ni la nadra, na chimbuko lake ni kijiji kimoja kilichokwisha kutoweka, karibu na Padiham katika kaunti ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Lina maneno mawili ya Kiingereza cha kale: kinda la ndege, na pale vijito viwili vinapokutana. Ndiyo maana majirani zake Entwistle na Oswaldtwistle wana mwisho uleule. Hata mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle alizaliwa mwaka 1934 Accrington, si mbali na hapo.

Kinachowapoteza wengi ni tahajia. Makarani waliandika walivyosikia: Birtwisle, Burtwistle, Birtwhistle, Birdwhistle. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya kumbukumbu andika B*tw*s*le, halafu rudia kwa B*dw*s*le; nyota husimama badala ya herufi zozote. Ukiandika umbo moja tu, nusu ya ukoo inakupita.

Rudi nyuma hatua kwa hatua. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Julai 1837. Tumia sensa ya 1851, kwa sababu inataja parokia ya kuzaliwa. Ile ya 1841 inaonyesha tu kama mtu alizaliwa katika kaunti anakoishi, na umri wa watu wazima kwa kawaida umepunguzwa hadi kigawe cha 5. Kabla ya hapo ni rejista za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na maziko, ambavyo amri ya kuviandika ilitolewa mwaka 1538. Ukurasa ukiwa umeliwa na unyevu, omba nakala iliyopelekwa kwa askofu. Kwa Lancashire, nyaraka nyingi za aina hii ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, mjini Preston. Sensa ya 1931 msihangaike nayo: iliteketea kwa moto mwaka 1942.