Mbaazi za asubuhi na kinga ya mwili

Mvua zikianza Mombasa na mafua yakizagaa, watu hukimbilia vidonge vya vitamini C. Heri pesa hizo zikanunue mbaazi sokoni Kongowea.

Sehemu kubwa ya seli za kinga hukaa kwenye utumbo. Utando wa ndani wa ukuta wa utumbo una unene wa seli moja tu, juu yake ute, na ng'ambo ya ute kuna matrilioni ya bakteria. Wengi ni wema, mradi wabaki upande wao. Kwenye utumbo mpana hula nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya sisi, wakatoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta huo. Butireti hiyo hiyo huzisaidia seli za kinga zitulie pasipo na adui. Kinga nayo humwaga kwenye ute kingamwili za IgA, zinazonasa vijidudu kabla havijagusa ukuta. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeuka kuula ute wenyewe. Hapo vijidudu husogea karibu, kinga hucharuka, na kuvimba kwa utumbo kunakotokea huwadhuru hata bakteria wema.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2023, linashauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizoiva kina takriban gramu 11. Cha wali mweupe hakifiki gramu 1. Basi mbaazi za nazi asubuhi, pojo au kunde mchana, na mboga za majani. Asiyezoea aanze na nusu kikombe, aongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Akirukia sahani nzima tumbo litajaa gesi, na wengi huachia hapo. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya: sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka nayo. Na unywe maji, la sivyo choo kitakuwa kigumu.

Maziwa lala, yaani maziwa yaliyogandishwa na bakteria wema, pia yanafaa. Chemsha lita 1, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, koroga vijiko 3 vya maziwa lala yenye bakteria hai (hicho ndicho kimbegu), funika. Kwa joto letu la pwani huwa tayari baada ya saa 12 hivi. Kisha yatie kwenye friji. Kimbegu kikitiwa maziwa yakiwa bado moto, bakteria hufa na maziwa huharibika badala ya kuganda. Yakiota rangi au kunuka vibaya, mwaga.

Linaloniuma zaidi ni amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kununuliwa kwa ajili ya mafua. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Inaua bakteria wema, kuhara kunaweza kufuata, na nafasi iliyobaki wazi huweza kutwaliwa na bakteria sugu. Daktari akikuandikia dawa hizo kwa ugonjwa wa bakteria, zinywe kama alivyoagiza na uendelee na mbaazi zako. Ukiharisha damu, au kuhara kukiandamana na homa kali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.