Siku moja maishani mwangu: nahamisha studio kwenda kompyuta mpya

Saa 11:30 alfajiri. Naanza mapema kwa sababu ya bati. Chumba changu cha studio hapa Mbagala hakina dari, na jua likishapanda, kompyuta ya zamani haivumilii. Kapasita mbili kwenye ubao wake mkuu zimevimba. Fundi wangu wa Kariakoo alizitazama kwa tochi ya simu akaniambia, "Kaka, hii muda wowote inakuaga." Nikadunduliza, nikanunua nyingine: used ya Dubai, RAM GB 16, SSD ya TB 1. Leo Ijumaa ndiyo siku niliyoipanga kuhamia.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaoamini prodyuza anakaa kwenye kiti anabonyeza, msanii anaimba, wimbo umetoka. Na hasa kwa wale wanaoniambia, "Kuhamisha si unachukua flashi tu?"

Saa 1 hadi saa 3. Kunakili. Diski ya zamani ni ya GB 320 na imejaa pomoni. Nikaiacha inasoma, nikafagia, nikapiga brashi maiki, nikanywa chai na chapati. Kama studio ingekuwa mafaili peke yake, kazi ingeishia hapo.

Saa 3. Nafungua wimbo wa kwanza kwenye mashine mpya. Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ya Wabelgiji wa Image-Line, na yenyewe haikunisumbua. Leseni iko kwenye akaunti yangu, niliingia tu. Lakini wimbo ulifunguka bila ngoma, bila kayamba, bila makofi. Kwenye mashine ya zamani sauti zangu zote zilikaa diski D. Kwenye hii, herufi D ilishachukuliwa na kipande kidogo cha diski kinachotunza nakala ya Windows, sauti zangu zikapewa E. Programu inakwenda D, haikuti kitu, inanyamaza. Nikaingia kwenye mpangilio wa diski, nikakinyang'anya kile kipande herufi yake, nikairudisha kwa mwenyewe. Ngoma zikalia zote kwa mpigo. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Asiyeijua ataburuta faili moja moja wiki nzima.

Hapa ndipo watu wa nje wanapopotea, kwa hiyo naomba nieleze. Zamani bendi kama NUTA Jazz au Western Jazz wakienda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ulibaki kwenye utepe. Utepe ule, ukitunzwa, mashine yoyote ya aina yake itaupiga. Wimbo wa kwenye kompyuta uko mbali na hapo. Faili la wimbo halina muziki ndani yake, lina maagizo. Linasema: chukua ngoma ile iliyo pale, pitisha sauti hii kwenye plagini ile (kiprogramu cha ziada kinachofanya kazi ndani ya programu kubwa) yenye leseni ile, kinanda apige yule, kwa kiwango hiki. Mmoja akikosekana kwenye mashine mpya, wimbo unafunguka na pengo. Na mimi nina nyimbo za miaka zilizojengwa hivyo.

Mtu atauliza kwa nini sikutoa kila traki, yaani kila chombo au sauti peke yake, kuwa faili la WAV, sauti kamili isiyominywa, tangu mwanzo. Hesabu ni hii: traki moja ya mono, biti 24 kwa sampuli 44,100 kila sekunde, inakula karibu MB 8 kila dakika. Wimbo wa kwaya wa dakika tano wenye traki 30 unafika GB 1 na ushee. Kwenye diski ya GB 320 inayobeba pia Windows na sauti za ngoma, huwezi kuweka kila wimbo hivyo na bado ukapata nafasi ya kurekodi kesho.

Saa 4 na nusu. Hodi. Mama katibu wa kwaya, pamoja na mwalimu wa kwaya.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kwa jambo dogo sana."

Kigango chao kimepandishwa kuwa parokia. Jumapili ni uzinduzi, askofu anakuja, na wimbo wao mkubwa, ule niliowarekodia mwenyewe, kila kiitikio kinasema "kigango chetu". Wanataka iwe "parokia yetu". Na wanaitaka leo usiku, maana Jumamosi wana mazoezi ya mwisho wakicheza kwa kuufuatisha.

"Neno moja tu," mama akasema. "Na umenunua kompyuta mpya, itakuwa rahisi."

Ukiimba utaona tatizo. "Kigango" ina silabi tatu, "parokia" ina nne. Huwezi kubandika; noti inabidi igawanywe, na igawanywe na sauti zote nne, soprano, alto, tena na besi. Mwalimu wa kwaya alilielewa hapo hapo, akaanza kupiga vidole kwenye goti akitafuta mahali pa kuipenyeza. Mama hakulielewa. Nikamwambia vilevile kwamba kurekodi wimbo wote upya haiwezekani, akanyamaza kidogo, maana anajua sababu kuliko mimi. Dada aliyeimba solo ametutoka mwaka jana. Sauti yake kamili, na mwangwi wake, ipo kwenye mashine ile ya zamani peke yake.

Nikafungua wimbo wao kwenye mashine mpya mbele yao. Kinanda hakikulia. Sauti za kwaya zilikuwa kavu, kama watu wanaoimba ndani ya kabati.

Kinanda kwanza. Kilitoka kwenye plagini ya bure ya biti 32, ya enzi ambazo programu ilitosheka na RAM isiyozidi GB 4. Aliyeitengeneza ameshafunga ukurasa wake, toleo la biti 64 halipo wala halitakuja. FL Studio ina daraja la kuzipitisha plagini za namna hiyo, nikalijaribu. Ilifunguka, nikaona vitufe vyake ninavyovifahamu, nikabonyeza kucheza, programu nzima ikajifunga. Nikarudia, ikajifunga.

Mwangwi wa sauti nao ulikuwa kwenye plagini ya kulipia, ya kampuni moja ya Ulaya. Niliilipia kwa pesa yangu halali. Leseni inakubali mashine moja, na ili uihamishe lazima uiachie kwenye ile ya zamani kupitia mtandao. Mashine ya zamani ni Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, na kivinjari chake hakifungui tena ukurasa wa kampuni ile. Nikawaandikia. Likaja jibu la mashine: tutakujibu ndani ya siku mbili za kazi. Leo ni Ijumaa. Mzungu hapatikani mpaka Jumatatu, na askofu anakuja Jumapili.

"Kwa hiyo, mwanangu, si ungeitoa tu kwenye ile flashi uliyotupa?" mama akauliza.

Kwenye flashi ile kuna mp3, mama. Kila kitu kimeshapikwa pamoja. Siwezi kutoa "kigango" nikabakiza kinanda kilicholia chini yake. Nilimweleza hivyo, kwa heshima, na nikamweleza tena. Akaniambia kuna studio kule Rangi Tatu wanafanya kwa elfu ishirini. Akaniambia kuna mjukuu wake ana laptop. Akauliza kama ni suala la pesa, niseme. Mwalimu wa kwaya akawa anaangalia chini. Sikumkasirikia kwa sababu ana haraka. Nilichoka kwa sababu ilibidi nimtetee mtu ambaye sauti yake kamili bado haijatoka ndani ya ile kompyuta, huku nikijibu habari za mjukuu. Nikawaomba waende, warudi saa 11 jioni na waimbaji wanne wenye sauti safi. Mama akaaga, akarudi kuchukua mwavuli, akauliza tena kama itawezekana.

Kuanzia hapo saa siikumbuki vizuri.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuirudia mashine ya zamani, ambako kinanda na mwangwi bado vinafanya kazi, na kurenda, yaani kuiachia kompyuta ipike na kutoa, traki zote ziwe WAV, kisha nizihamishe zikiwa sauti kamili zisizohitaji plagini ya mtu. Kurenda kunaibana kompyuta kuliko kazi nyingine nyingi. Na jua lilishafika kwenye bati.

Nikafungua ubavu wa CPU, nikailaza, nikaielekezea feni ya mezani. Nikarenda zote kwa pamoja, ikazima katikati. Nikasubiri ipoe, nikagusa kwa kiganja kile chuma cha juu ya prosesa mpaka kikaacha kuchoma. Nikawasha. Safari hii nikazigawa: ngoma peke yake. Zikatoka. Nikapumzisha. Gitaa na besi. Zikatoka. Kinanda, ambacho ndicho nilichokuwa nakiogopa, kikafika asilimia tisini na kitu, ikazima. Jasho linanitiririka mgongoni, feni siwezi kujielekezea mimi kwa sababu mashine inaihitaji zaidi. Nikaloweka kitambaa nikakitandaza juu ya bati upande wa nje, nikapunguza kazi nyingine zote za Windows, nikarenda kinanda nusu ya kwanza, nikapoza, nikarenda nusu ya pili. Kikatoka.

Kila kikundi kikitoka nakihamisha kwenye SSD palepale, sikisubiri chenzake. Simu inaita: mama katibu. "Imewezekana?" Bado, mama. Inaita tena.

Solo ya marehemu niliiacha ya mwisho, mashine ikiwa imepoa kabisa. Sauti za kwaya nilizitoa kavu, kwa kuwa zitachanganywa na mstari mpya na lazima zote zipewe mwangwi mmoja. Ya kwake niliitoa na mwangwi wake ule ule aliousikia mwenyewe siku ile akasema, "Hapo sawa." Sikutaka kuugusa. Ilipotoka niliisikiliza yote kwenye hedifoni, mwanzo mpaka mwisho, kwa mashine mpya. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi ndefu, na kwa mbali sana nyuma yake kuna jogoo wa jirani. Vyote vilikuwepo.

Mchana sikula. Nikapangilia traki kwenye mradi mpya, nikahakikisha kila kitu kiko 44,100. Ukizipiga sauti hizi kwa 48,000 bila kuzigeuza zinakimbia na kupanda karibu nusu toni moja na nusu, na kwaya nzima ingesikika si yenyewe.

Waimbaji walifika saa 11 na dakika zake, na mama akiwa mbele. Nikawapa hedifoni, nikafungua maiki, na mashine mpya ikatoa lake: mvumo mzito wa umeme, ule wa 50 hezi, na juu yake vimilio vya tik, tik, tik. Mvumo niliujua. Ekstensheni niliyochomekea haina waya wa ardhi. Nikahamisha kila kitu, kompyuta, kadi ya sauti na spika, kwenye soketi moja yenye ardhi, ukaisha. Vile vimilio vilihitaji utulivu zaidi. Nikaendesha LatencyMon, programu inayoonyesha ni draiva gani (kiprogramu kinachoendesha kifaa ndani ya Windows) inaikatiza sauti njiani, ikanyooshea kidole draiva ya Wi-Fi. Nikaizima Wi-Fi, nikaiambia Windows isibane matumizi ya umeme, nikapandisha bafa, kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa, kutoka sampuli 128 hadi 256, yaani milisekunde 5.8, ambazo sikio la mwimbaji halizilalamikii. Kimya. Kimya safi kuliko nilichowahi kupata kwenye mashine ya zamani, na hapo kwa mara ya kwanza siku ya leo nikafurahia nilichonunua.

Nikazima feni, kama tunavyofanya wakati wa kurekodi, milango ikafungwa. Watu sita ndani ya chumba chenye magodoro ukutani. "Parokia yetu." Mwalimu alikuwa ameshaipata: silabi mbili za mwanzo zinakimbia, "ki" ndiyo inakaa juu ya noti ndefu. Soprano akaishika mapema. Tena alichelewa kuachia, tukarudia mpaka akaachia pamoja na wenzake. Mama katibu, ambaye nilimwomba akae nje, alikuwa anaimba dirishani, na anaimba vizuri. Nikamwita aingie asimame na alto.

Usiku nikautafuta ule mwangwi kwa masikio, kwa plagini ya mwangwi ya FL Studio yenyewe. Nasikiliza mp3 ya zamani, nasikiliza yangu, narefusha mkia kidogo, nakata besi ndani ya mwangwi, nasikiliza tena. Nilijua nimefika nilipofumba macho nikashindwa kusema ipi ni ipi. "Parokia yetu" ikaingia mahali pa "kigango chetu" kwenye viitikio vyote, na solo ikapita juu yake bila kuguswa.

Nikawatumia WAV kwa WhatsApp kama dokumenti, isiminywe. Mama akalipa elfu hamsini kwa simu, akaongeza elfu kumi "ya maji", na akaandika kuwa wamesikiliza wote pale kwa mwalimu, wakarudia sehemu ya solo.

Mashine ya zamani sijaifungasha. Bado ina folda za taarabu, za qaswida, na za vijana wa mtaani ambao baadhi yao sasa hawapo. Kesho saa 11:30 alfajiri naiwasha tena kabla ya jua, naanza na hizo.