Kuhama Nchi na Gari la Zamani
Anayetaka kuhamia ng'ambo na gari lake la zamani aulize kwanza habari ya umri wa gari hilo, kabla hata ya nauli ya meli, kwa kuwa nchi hazikubaliani katika jambo hili. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8, ilhali Marekani huyaondolea masharti yake ya usalama yakitimiza miaka 25, na Kanada yakitimiza 15. Yaani uzee uleule huku ni kosa, kule ni kibali.

Umoja wa Ulaya humsamehe ushuru anayehamisha makazi, mradi awe ameishi nje kwa angalau miezi 12 mfululizo na awe amelimiliki na kulitumia gari hilo kwa miezi 6, kwa hiyo hati za usajili na bima za nyuma zisitupwe.

Australia ndiyo iliyonishangaza: imepiga marufuku kabisa asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu), nayo imo katika breki na gasketi (vizibo vya kuzuia uvujaji kwenye injini) za magari mengi ya zamani, hivyo sehemu hizo hazina budi kukaguliwa na kubadilishwa kabla gari halijapakiwa. Binafsi, gari la kawaida ningeliuza.