Siku yangu na vidonge vya parasetamoli

Saa mbili asubuhi, maabara ya dawa, Industrial Area, Nairobi. Foleni ya Jogoo Road imenila karibu saa nzima, lakini nimefika. Kwanza nawasha spektromita ya infraredi, mashine inayopima jinsi kitu kinavyofyonza miale isiyoonekana na kuchora grafu yenye vilele. Kisha naikagua kwa filamu ya polistirini, plastiki ambayo vilele vyake vinajulikana. Kilele kimetokea 1601 kwa sentimita (idadi ya mawimbi katika sentimita moja), mahali pake. Tuendelee.

Saa tatu. Bechi ya parasetamoli, miligramu 500 kwa kidonge; natafuta kama dawa iliyoandikwa imo kweli. Vidonge 20 mizanini: wastani wa kidonge ni miligramu 560. Zile 60 za ziada si dawa: ni wanga, magnesiamu stearati na viungo vingine vya kuunda kidonge. Sasa kinu na mchi. Wageni wakija maabara hushangaa mashine, ilhali mashine humaliza kwa dakika moja. Kazi yenyewe ni kusaga.

Saa nne, chai na mandazi.

Saa nne unusu. Kijana wetu wa mafunzo ameniletea unga wake. Naweka kiasi cha ncha ya kijiko juu ya almasi ndogo ya mashine, ambamo miale hupita, nakaza skrubu, napima. Mara tatu, vilele vitatu vya urefu tofauti.

“Dada, mashine imeharibika.”

“Hebu sugua huo unga kwa vidole.”

Unakwaruza. Miale hupenya mikromita chache tu kutoka kwenye almasi, kwa hiyo chembe kubwa zisipogusa vizuri, kilele hushuka na dawa ni ile ile. Arudi kinuni.

Saa sita. Vipimo sasa vinalingana. Kilele cha 1650 ndicho kirefu, lakini maji yaliyo ndani ya wanga nayo hujitokeza jirani na hapo. Mimi nakiamini zaidi cha karibu na 1506.

Saa saba, kibandani: ugali, sukuma, matumbo.

Saa nane. Nalinganisha na michanganyiko niliyoitengeneza kwa viwango ninavyovijua. Jibu: asilimia 88.4 ya unga ni parasetamoli. Kwa kidonge cha miligramu 560, hiyo ni 495, yaani asilimia 99 ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Famakopia ya Uingereza, kitabu cha viwango vya dawa, inataka 95 hadi 105.

Saa kumi. Naandika daftarini kwa kalamu ya wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja na kutia sahihi. Infraredi imetupa jibu leo bila tone la kiyeyushi, ila bechi hapa haitoki bila kromatografia, kipimo kinachotenganisha viambato kimoja kimoja. Sampuli zangu ziko kwenye foleni ya kesho, nyuma ya amoksilini.